Mwaka Usio na Kidato cha Pili



Ukipita lango la shule yoyote ya upili ya bweni hapa Kenya mwaka huu, iwe Machakos, iwe Kakamega, iwe Kilifi, utakuta jambo ambalo hata mwalimu aliyezeekea kazini hajawahi kuliona. Kidato cha kwanza hakipo. Kidato cha pili hakipo. Wapo Gredi ya 10, waliofika Januari na masanduku yao ya bati na magodoro yaliyokunjwa, halafu unaruka, unakuta kidato cha tatu na cha nne. Katikati pako wazi.

Sababu yake unaijua. KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, na waliofanya mtihani ule wakaingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea mgeni, kwa sababu waliofuata, wale wa mtaala mpya, walikuwa bado Gredi ya 9 wakimalizia sekondari ya msingi. Sasa ndio wameingia. Na kuhusu kuingia kwao tumesikia mengi: walimu hawatoshi, maabara hazitoshi, mzazi haelewi mwanawe amepangiwa mkondo gani kati ya ile mitatu, wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo. Ni malalamiko ya haki. Lakini hayo yote ni ya mchana. Mimi leo nataka tuzungumzie usiku, masomo ya jioni yakishaisha, mwalimu wa zamu akishaelekea nyumbani kwake, na mtoto wa miaka 15 akishika njia ya bwenini ambako hana anayemjua.

Maana shule zetu za bweni zina serikali mbili. Ya kwanza ina mwalimu mkuu, ina naibu wake, ina bodi na ina muhuri. Ya pili huanza kazi kengele ya mwisho inapolia, na katiba yake haijaandikwa popote. Nani ataoga kwanza maji yakiwa machache, nani atapewa kitanda cha karibu na dirisha lililovunjika kioo, nani atafua soksi za nani, nani atasimamishwa juu ya sanduku aimbe mbele ya bweni zima, yote huamuliwa huko. Mgeni huitwa mono. Mono hujifunza katiba hiyo upesi kuliko anavyojifunza fizikia, na anayemfundisha, mara nyingi, ni mtoto wa kidato cha pili.

Aliyelala bweni ananielewa. Wa kidato cha nne hana haja na mono. Ana mtihani wake, ana hadhi yake, maji ya moto huletewa hata asipoagiza. Wa kidato cha tatu ameshazoea. Mwenye hamu ni wa kidato cha pili, ambaye jana tu alikuwa yeye anayefua, na Januari imemletea wa kumfulia. Ukimuuliza kwa nini anamtesa mwenzake atakujibu bila kupepesa macho kwamba hata yeye aliteswa. Kwake hiyo ni hoja, tena hoja kamili. Hivyo ndivyo mateso yalivyorithishwa shuleni kwetu mwaka hadi mwaka, huku marufuku zikitolewa na kutolewa tena.

Basi mwaka huu urithi huo umekosa mrithi. Waliokuwa mamono mwaka 2024 ndio kidato cha tatu cha leo. Mwaka mzima wa 2025 walikuwa wadogo wa shule wasio na mdogo wao, hawana wa kumtuma maji. Wamekua, wamepata majukumu, pengine hata ile hasira ya kulipiza imepoa. Au imelala tu inangoja kuamshwa. Yote mawili yanawezekana, na nionavyo mimi kitakachoamua ni nani atakayeifikia Gredi ya 10 kwanza: shule, au bweni. Nafasi kama hii haijapata kutokea katika maisha ya walimu wetu wengi, na Januari ijayo haitakuwapo.

Sasa tuangalie tumezoea kufanya nini tunapoambiwa hali ya wanafunzi si nzuri.

Kwanza tunamnyooshea kidole mwalimu wa ushauri nasaha. Kila shule inaye. Ila mwombe akuonyeshe ratiba yake ya wiki, utakuta vipindi vya Kiswahili na dini vimejaa kama vya mwenzake yeyote, na ushauri umebandikwa pembeni, wakati wa chakula cha mchana au baada ya michezo. Kisha mwombe akuonyeshe chumba chake. Nimeona zaidi ya kimoja kilichokuwa stoo ya vitabu vikuukuu, na mlango wake ukitazamana na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye mkuu wa nidhamu. Mtoto gani ataupita mlango wa naibu saa saba mchana, shule nzima ikiwa kwenye foleni ya githeri, aende kusema kwamba hapati usingizi? Akiingia, habari inayotoka ni kwamba ana kesi.

Pili tunamwalika mhamasishaji. Anakuja Jumapili na vipaza sauti vyake, anasimulia alivyotembea pekupeku hadi akafika alipofika, watoto wanalia, wanakumbatiana, wanaandika malengo ya KCSE kwenye karatasi. Sina ugomvi na machozi hayo. Ni ya kweli. Lakini yule bwana saa kumi yuko barabarani anarudi Nairobi, na mtoto saa nne usiku yuko na wale wale.

Tatu, na hili ndilo lililotugharimu zaidi, tunafunga. Tunafunga milango, tunatia vyuma madirishani, tunapunguza ziara, tunakataza. Mwezi Machi mwaka 2001 bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea usiku, wavulana 67 wakafa. Walioshukiwa kuuwasha moto ni wanafunzi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma, kwa hiyo waliokuwa wamelala hawakuwa na pa kupitia. Mwaka huo huo jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilichunguza migomo na utovu wa nidhamu, na mwaka huo huo kiboko kikapigwa marufuku shuleni. Marufuku ile naiunga mkono mpaka leo. Lakini walimu wengi watakuambia walinyang'anywa fimbo wasipewe kitu kingine cha kushika, na hapo nao wana haki yao.

Mwaka 2008 wizara ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Ni kitabu kizuri. Kinataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya kupita isiyopungua mita 2, milango inayofunguka kwa nje, isitiwe kufuli kwa nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Nenda leo ukapime. Tangu 2018, serikali ilipoamua kila anayemaliza shule ya msingi aingie sekondari, uamuzi mwema kabisa, vitanda vimesogezwa hadi vikagusana. Watu hulichukulia hilo kuwa suala la moto peke yake. Mimi nasema ni suala la moyo pia. Mtoto asiye na hata hatua moja ya kuita yake, ambaye sanduku lake limekuwa benchi la wengine, hawezi kulia bila watu kumtazama, na hawezi kusali wala kusoma barua ya mama yake bila mtu kusoma naye.

Halafu ikaja 2016. Waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alitangaza kwamba muhula wa tatu hautakuwa na ziara za wazazi, hautakuwa na siku za maombi, wala mapumziko ya katikati ya muhula. Lengo lilikuwa kukomesha wizi wa mitihani, na wizi ulikuwepo, tusidanganyane. Muhula wa pili ukarefushwa. Katika muhula huo zaidi ya shule 100 zilishuhudia moto. Wapo waliosema ni kazi ya wafanyabiashara wa mitihani waliokatiwa riziki, wapo waliosema ni uchovu, wapo waliosema ni kuigana tu. Sichagui mmoja. Ninachojua ni kwamba kila tulipoogopa wanafunzi wetu, kitu cha kwanza tulichokata ni nafasi za wao kuonana na watu wanaowapenda.

Nini basi kinafanya kazi? Nitakueleza nilichokiona.

Shule nyingi siku hizi zinagawa wanafunzi katika familia. Kila familia ina mwalimu mmoja na watoto kumi na kitu wa kila darasa, wadogo kwa wakubwa. Nyingi ya familia hizo ni za karatasini, zipo kwa ajili ya mkaguzi. Lakini kuna shule moja ya wavulana upande wa Nandi ambako nilikaribishwa kuketi nao Alhamisi alasiri. Mwalimu ni wa kemia, mama wa makamo, mpole lakini si wa mchezo. Watoto walibeba viti vyao hadi chini ya mjakaranda. Alikuwa na karanga za kukaanga kwenye bakuli la plastiki, zikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeshika bakuli ilikuwa zamu yake kusema. Swali lilikuwa moja: wiki hii nini kimekufurahisha, na nini kimekukera.

Wa kwanza alisema ugali wa Jumanne ulikuwa mbichi. Wakacheka. Wa pili alisema amepata alama 61 za hesabu, wakampigia makofi mwalimu akiwa wa kwanza. Bakuli likamfikia kijana wa kidato cha tatu, mwili mkubwa, nahodha wa timu ya raga. Akasema kinachomkera ni kwamba halali vizuri, kwa kuwa jirani yake wa Gredi ya 10 anakohoa usiku kucha. Nikadhani anashtaki. Akamgeukia yule mdogo, akamuuliza: "Kwani umeenda kwa nesi?" Mtoto akatazama chini. Akasema alikuwa hajui kwamba unaweza kwenda mwenyewe. Alidhani lazima kiranja akupe ruhusa, na yeye alimwogopa kiranja. Alikuwa amekohoa wiki tatu. Nahodha akatafuna karanga zake, akasema, "Kesho baada ya chai ya saa nne, tuonane pale kwa tangi, nikupeleke." Bakuli likaendelea. Mwalimu hakutia neno. Aliandika kitu kidogo kwenye daftari lake, basi.

Nilipomuuliza baadaye aliandika nini, alisema aliandika jina la yule mtoto na neno "nesi", ili Ijumaa apite zahanati ya shule kuhakikisha. Na jina la kiranja pia.

Tazama yaliyokuwemo katika dakika zile arobaini. Mkutano huo uko kwenye ratiba ya masomo, hauko Jumamosi jioni mwalimu akiwa tayari ameshika mkoba aondoke. Mwalimu ni yule yule kuanzia siku ya kwanza ya mtoto shuleni hadi siku anapomaliza. Na yanayosemwa pale hayageuzwi mashtaka kesho yake kwenye gwaride. Kiranja yule hakuitwa mbele ya watu, aliitwa faraghani na akaelezwa kazi yake ni nini. Nimeona pia familia za shule nyingine ambako mwalimu hutumia saa hiyo kusoma orodha ya wenye deni la karo. Hiyo ni ofisi ya mhasibu iliyohamia chini ya mti. Watoto wanajua tofauti, na huacha kusema.

Ukitaka kujua shule ina umoja au haina, usiende siku ya tuzo. Nenda siku ya wageni. Asubuhi magari na bodaboda zinaingia, shuka zinatandikwa nyasini, vibakuli vya chapati na kuku wa kuchemsha vinafunguliwa, dada wadogo wanakimbizana, baba amevaa koti la harusi. Ukimaliza kufurahia hayo, zunguka nyuma ya madarasa. Ingia maktaba. Utawakuta wako pale, wawili hapa, mmoja kule, kitabu kimefunguliwa ukurasa ule ule tangu saa tatu. Hao ndio ambao hakuna anayekuja kuwaona. Mwingine mama yake ni kibarua wa shamba la chai na leo ni siku ya kuchuma. Mwingine analelewa na nyanya ambaye hawezi kupanda matatu mbili. Mwingine nyumbani kuna ugomvi, na amewaambia wasije. Kila siku ya wageni wanajificha, wakitoka jioni wanaambiwa, "Wewe ulikuwa wapi?" nao husema walikuwa wakidurusu.

Wasichana katika hili wamewatangulia wavulana. Katika shule nyingi za wasichana utaona familia moja imekaa na mabinti watatu, na mmoja tu ndiye wao. Mama anamega kuku anampa asiye wake, anamuuliza unatoka wapi mwanangu, unasoma vizuri? Hakuna mwongozo wa wizara uliowafundisha. Lakini lisiachwe kwa bahati na hisani ya mtu. Mwalimu wa familia anaweza kujua siku tatu kabla ni nani atakayekosa mgeni, akamtafutia shuka ya kukaa. Hilo halihitaji bajeti. Mkuu mmoja aliniambia kwamba siku hiyo yeye mwenyewe huketi nje na jirani zake wa mtaa wa shule, wenye duka, fundi viatu, mama wa mboga, kila mmoja na chakula alichopika, na asiye na mgeni ni mgeni wao. Nikamwambia jambo hilo alitangaze. Akasema akilitangaza litakuwa hafla, na hafla huja na hotuba.

Na tukiwa kwenye chakula, niseme hili. Katika mikutano ya walimu kuhusu hali ya wanafunzi, anayekosekana ni mpishi. Mpishi anajua nani hajachukua chakula chake siku mbili mfululizo. Mlinzi wa usiku anajua nani hutoka bwenini saa nane akazunguka uwanja peke yake. Matroni anajua shuka ya nani inafuliwa kisirisiri alfajiri. Watu hawa watoto huwaambia mambo wasiyomwambia mwenye shahada, labda kwa sababu hawatoi alama wala hawaandiki ripoti. Tunawalipa kidogo, tunawaita "wafanyakazi", na maarifa yao yanaishia jikoni. Mwalimu mkuu akiwaketisha na chai mara moja kwa wiki mbili, akawauliza tu, "Nani mmemwona amebadilika?", atajua mengi kuliko fomu zote anazojaza.

Kuna jambo jingine la kwetu hapa hapa ambalo linastahili kujulikana zaidi. Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango unaoitwa Shamiri. Wanawachukua vijana waliomaliza shule ya upili juzi juzi, wanawafunza, wanawatuma wakae na makundi madogo ya wanafunzi saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawataji ugonjwa. Wanazungumza juu ya kuamini kwamba mtu hukua na kubadilika, juu ya kushukuru, juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Jaribio lao moja, lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la matibabu ya akili la Marekani, lilihusu wanafunzi 413 wa shule nne za upili hapa Kenya. Nusu walipata mazungumzo hayo, nusu wakafundishwa mbinu za kusoma, ili ijulikane kama ni mazungumzo yenyewe yanayosaidia ama ni kule kukusanywa tu. Waliopata mazungumzo walipungukiwa na dalili za sonona na za wasiwasi kuliko wenzao, na tofauti ilionekana hata miezi saba baadaye.

Nilichokipenda ni umri wa wanaoongoza. Si daktari, si mwalimu, ni kaka wa jirani aliyetoka humo humo juzi, anayejua maana ya kuoga maji baridi saa kumi na nusu alfajiri. Mpango huo hauwezi kuchukua nafasi ya daktari mtoto anapozidiwa, na waliouanzisha hawadai hivyo. Lakini wengi hawajazidiwa. Wana mzigo ambao ukipata masikio mapema hupungua, na masikio hayo nchi hii inayo mengi, yameketi vijiweni yakingoja kazi.

Nirudi shuleni. Tangu 2009 tuna baraza la wanafunzi la kitaifa, na sera ikawa viranja wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa na walimu. Katika shule zinazolichukulia hilo kwa uzito kuna kamukunji: shule nzima ukumbini, mwalimu mkuu mbele, wanafunzi wanauliza wanachotaka. Naijua hofu ya wakuu. Ukumbi wa watoto 900 ukianza kuguna, hata mtu mzima miguu humlegea. Ila angalia wale wanaofaulu. Akiulizwa kwa nini maharagwe yana wadudu, hasemi "tutalishughulikia". Anasema magunia yaliletwa tarehe fulani, yamebaki matano, hayawezi kurudishwa kwa kuwa muuzaji ameshalipwa, yatachambuliwa na wapishi kwa saa moja zaidi, na yakiisha tunabadilisha muuzaji. Mwenyekiti wa wanafunzi aje stoo kesho ahesabu mwenyewe. Watoto hukubali kula maharagwe mabaya wiki mbili wakijua mwisho wake. Wasichokubali ni kufanywa wajinga.

Kuhusu lile sanduku la maoni, sitasema mengi. Ukiona limetundikwa nje ya mlango wa naibu na ufunguo uko mfukoni mwake, usishangae kulikuta tupu.

Na karo je? Serikali imepanga mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, na ukichelewa, au ada ya bweni isipolipwa, lango hufunguliwa na watoto hurudishwa nyumbani. Mwalimu mkuu naye ana deni la mahindi, sitamtwika lawama zote. Lakini kuna namna ya kuifanya kazi hiyo bila kusoma majina gwarideni. Ukishamsimamisha mtoto mbele ya shule nzima kwa umaskini wa baba yake, usimwite tena Alhamisi chini ya mti umuulize nini kimemkera.

Nimebakiza zito. Wapo watoto ambao mambo yamewafika shingoni hata wakafikiria kujitoa uhai. Zamani, mtu aliyejaribu na akapona alikuwa mhalifu kwa mujibu wa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Mwalimu, matroni, kiranja: ukiambiwa na mtoto jambo kama hilo, hujaambiwa uhalifu, kwa hiyo usikimbilie kwa naibu wala kwa polisi. Kaa naye. Usimwache peke yake usiku huo, mfikishe kwa nesi na kwa mzazi, na apelekwe hospitali. Na wewe mtoto unayenisikiliza kwenye redio ya mlinzi, nambari ya simu ya watoto ni 116. Haitozwi, mchana na usiku.

Muhula wa pili ndio huu. Kwa historia yetu ndio muhula wa migomo: ni mrefu, ni wa baridi, mitihani ya majaribio imekaribia. Mzazi, utaitwa kwenye mkutano wa mwaka, utasomewa matokeo na bei ya basi jipya. Kabla ya kufunga kwa maombi, inua mkono uulize mambo mawili. Ni mtu mzima gani anayelala karibu zaidi na bweni la mwanangu, na je, mwanangu anaujua mlango wake? Na mwalimu wa familia yake ni nani, nimsalimie kabla sijaondoka?

Na kama mwanao yuko kidato cha tatu, mngoje nyumbani likizo ya Agosti. Akishakula, akishalala siku mbili kama kawaida yao, muulize akutajie jina la mtoto mmoja wa Gredi ya 10 anayelala karibu naye, anatoka wapi, na nani alimwonyesha zahanati ilipo. Akikutajia, mwongeze nyama. Akikujibu, "Nani, yule mono?", basi likizo hiyo mna mazungumzo marefu, na ni afadhali yaanze jioni hiyo hiyo.